Video isiyokatika: ficha kiungo, usifiche kazi

Wengi mumeniuliza namna nilipiga ile video ya shamba la migomba kule Kabare, yenye inaonekana kama kamera haikusimama hata kidogo. Ukweli ni kwamba ilisimama mara tatu. Leo ninawapa siri yote, na kosa langu pia.

Mbinu hii haiko mpya. Mwaka 1948 Alfred Hitchcock alitoa filamu Rope. Kamera ya wakati ule ilibeba mkanda wa dakika karibu 10 tu. Njo maana, kwa viungo kadhaa, alisogeza kamera mpaka mgongo wa mchezaji ukajaza picha yote. Hapo anasimamisha, anabadilisha mkanda, anaanzia pale pale mgongoni.

Sisi wenye telefone tunafanya vile vile:

1. Tafuta kitu cha kujaza picha: shina la mgomba, mgongo wa mtu, mlango wenye giza.
2. Kama kipande cha kwanza kimeisha ukizungusha telefone kuelekea kuume, cha pili kianze na mzunguko ule ule, mbio ile ile, urefu ule ule.
3. Funga mwangaza mbele ya kupiga. Telefone ikiubadilisha yenyewe, kiungo kinaonekana.
4. Piga vipande vyote kwa saa zilizo karibu. Kivuli cha saa tatu na cha saa nane havifanani.
5. Rekodi sauti ya shamba peke yake, dakika mbili mfululizo, uitandike chini ya vipande vyote. Mara nyingi sikio linagundua kiungo mbele ya jicho.

Sasa kosa langu. Video ilifundisha kupigana na mnyauko wa bakteria: unakata shina lenye ugonjwa chini kabisa, halafu unachoma panga ku moto mbele ya kugusa mgomba mwingine. Mwenzangu alikata shina la kwanza, nikapitisha kamera nyuma ya mgomba, ikatokea akikata la pili. Ilipendeza sana! Tukaionyesha walimaji. Mama mmoja akauliza:

— Agronome, mupanga inatoka ku mugomba ya mugonjwa, inaingia ku ingine vile vile?

Nikanyamaza. Moto ulibaki ndani ya kiungo.

Kama video iko ya vipande, mtu anajua kuna kitu kimerukwa, anauliza. Lakini video isiyokatika inamwambia: umeona yote. Bila ule mama, ningesambaza ugonjwa kwa diploma yangu mwenyewe.

Tulirudia. Sasa kiungo kinajificha tu fasi tunatembea; moto unaonekana mzima, tangu panga inaingia mpaka inatoka. Mujaribu na ninyi. Ila mbele ya kutuma, muonyeshe kwanza mtu ambaye hakuwa shambani, mumuombe arudilie kazi kama alivyoiona.