KISU CHA PORI: NAMNA YA KUKICHAGUA NA KUKITUMIKISHA



Vakansi kubwa inakaribia, na tunajua namna inakuwaka. Nusu yetu tutaenda kwenye mashamba ya wazazi, wengine kutafuta kuni, wengine kutembea na kwaya kwa miguu mpaka vijiji vya mbali. Karibu kila mumoja atabeba kisu. Hata hapa kwetu, kazi ya mikono ya siku ya posho inaomba visu, na mimi kama kiongozi wa wanafunzi ninashika ufunguo wa magazini ya vyombo. Basi ninaona vile mnaleta. Vingine ni vizuri. Vingi haviko visu, ni mapambo.

Trimestri hii wadogo wetu watatu wa mwaka wa kwanza na wa pili walishonwa vidole ku dispanseri. Niliangalia visu vyao vyote vitatu: hakuna hata kimoja kilichokuwa kikali. Vyote vilikuwa butu. Sasa kamati ya nidhamu inawaza kukataza visu kabisa, wa shule na wa kutoka nyumbani. Kama vikikatazwa, kuni za jikoni zitakatwa na nani? Na matembezi ya pori je? Ndiyo sababu ninaandika, kusudi tujue kisu ni nini mbele watu wengine watuamulie.

Tuanze na jambo lile wengi hawaamini: kisu butu kinaumiza kuliko kisu kikali. Kisu kikali unakisukuma kidogo tu, kinaingia pale ulipokituma. Kisu butu kinakataa kuingia, wewe unaongeza nguvu, unaongeza tena, na siku kinateleza juu ya muti, ile nguvu yote inaenda kwenye kidole cha mukono wa pili. Tena jeraha la kisu butu linapasua nyama, halikati vizuri, na muganga anasumbuka kulishona.

Sasa, kisu gani? Kanifu, ile ya kukunja, ni nzuri kwa kalamu na machungwa. Lakini kwa kazi ya pori haifai sana: muchanga unaingia kwenye kiungo, na ukiikandamiza kwa nguvu inaweza kujifunga juu ya vidole vyako. Kwa pori unapashwa kuwa na kisu kisichokunjwa. Na katika hivyo visivyokunjwa, kitu cha kwanza cha kuangalia si uso wake, ni mukia wake, ni kusema ile chuma inayoingia ndani ya mupini. Kisu kizuri cha kazi nguvu ni chuma moja tu kutoka ncha mpaka mwisho wa mupini, na mbao mbili zimeshonwa huku na huku kwa misumari miwili ao mitatu. Ukiangalia mupini kwa mugongo wake, unaona chuma katikati ya mbao, kama nyama katikati ya mkate. Ukiiona mpaka mwisho, lipa. Usipoiona, uliza, na kama muuzaji anaanza kusifu rangi, rudisha franka zako mufukoni.

Kuna ndugu wengi wanapenda visu vile vikubwa vyenye meno ku mugongo, mupini yenye tundu ndani ya kuweka viberiti, na busola ndogo kwenye kifuniko. Hiyo ilitoka kwenye filme ya Rambo ya mwaka 1982. Kisu cha ile filme kilitengenezwa na fundi hodari wa Marekani, Jimmy Lile, na kilikuwa kitu ya kweli. Lakini vile vya soko ni mifano ya bei ndogo: kwa sababu mupini ni tundu, mukia ni mufupi sawa kidole gumba, umeshikwa na vise moja. Ukipiga kuni mara tatu, ubapa unaruka. Wewe unabaki na viberiti vyako.

Nisiseme pia kwamba kila kisu chenye mukia uliofichwa ni kibaya. Visu vya Mora, kule Uswedi, mukia wao unaingia ndani ya mupini bila kuonekana, na vinakata ajabu. Atakayepewa kimoja asikatae. Asikipige tu nyundo.

Kwa urefu, ubapa wa sentimetri 10 mpaka 12 unatosha, karibu sawa upana wa kiganja ukiongeza kidole kimoja. Unene milimetri 3, hata 4. Wale wanaotaka sentimetri 25 wanataka panga, basi wanunue panga.

Juu ya chuma yenyewe ninapenda kukawia kidogo, maana hapa tunaweza kutumia masomo ya kemia. Chuma ya kisu ni feri pamoja na karboni kidogo. Inoksi, ile haishike kutu, inapashwa kuwa na kromi angalau 10,5 kwa mia. Inoksi ya bei kubwa ni nzuri. Ya bei ndogo ni laini, unainoa leo, kesho imelala. Kwa upande mwingine, resori za gari, zile mbao za chuma chini ya kamio, mara nyingi ziko na karboni karibu 0,6 kwa mia na kromi isiyofika 1 kwa mia. Zinashika kutu kama huzichungi, na ukikata embe ao ndimu zinageuka nyeusi. Lakini zinavumilia kupigwa, na unaweza kuzinoa na jiwe la mutoni. Mimi binafsi ninachagua kisu cha resori kilichofuliwa na muhunzi wetu kuliko kisu kinachongaa cha duka. Tena si jambo la kuonea haya. Katika makaburi ya bonde la Upemba, yaliyochimbwa na wataalamu tangu 1957 kule Sanga kando ya ziwa Kisale, walikuta vyombo vingi vya chuma vya wahunzi wa zamani, vingine vya zaidi ya miaka 1000. Kazi hii haikufika kwetu na treni.

Lakini si kila muhunzi anamaliza kazi. Kuna wanaokunja resori, wanasaga makali, wanauza. Kisu hicho kitakuwa laini. Kazi ya kweli iko na mioto miwili. Moto wa kwanza: chuma inapata wekundu mpaka sumaku haiishike tena, ni karibu digri 770, halafu inatiwa ndani ya mafuta. Wakati huo inakuwa ngumu sana, lakini inavunjika sawa chupa. Kwa hiyo kuna moto wa pili, wa polepole. Fundi anasugua ubapa mpaka unangaa, anaupasha moto kidogo kidogo, na anachunga rangi inayotembea juu yake: kwanza manjano sawa majani makavu, karibu digri 220 ao 230, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu karibu na 300. Kwa kisu cha pori asimame kwenye manjano iliyoiva inayoelekea kahawia. Akifika bluu, ile ni resori tena, haitashika makali muda murefu. Ukienda kuagiza, uliza kwa heshima: «Baba fundi, moto ya pili uliifanya?» Akikuangalia vibaya, chukua tupa, gusa makali kidogo. Tupa ikila kama inakula musumari, chuma ni laini. Ikiteleza na kukwaruza kidogo tu, ni vizuri.

Mupini usiwe wa duara kabisa, kwa sababu unageuka mukononi ukiwa na jasho. Ufanane na yai refu. Mulombwa ni muti mzuri kwa kazi hiyo, hauvimbe na kukauka ovyo. Na mbele ya mupini kuwe kizuio kidogo, hata pembe ndogo tu, kusudi vidole visipande juu ya makali.

Kunoa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Tupa si ya kila siku, ni ya kisu kilichopata pengo. Kwa kawaida tumia jiwe la kunolea, ao jiwe laini la mutoni lenye uso wa sawasawa, na maji. Simamisha kisu juu ya jiwe, ni digri 90. Kilaze nusu, ni 45. Kilaze nusu tena, umefika karibu 22, na hiyo ndiyo pembe yako. Ishike hivyo bila kubadilisha, sukuma kama vile unataka kukata ngozi nyembamba juu ya jiwe. Endelea upande mumoja mpaka upande wa pili kidole kinasikia kitu kama nywele ya chuma, kidole kikipita kutoka mugongo kwenda inje, si kufuata makali. Ndipo ugeuze, ufanye vilevile. Mwisho, mara chache za pole huku na huku, kisha pangusa juu ya mukaba wa ngozi, mugongo ukitangulia. Jaribu kwa karatasi ya kaye: kisu kikali kinaikata bila kuivuta. Wale wanaojaribu kwa kidole, mimi ninawaona ku dispanseri.

Kwa kutumia kisu, tafuta nafasi. Nyoosha mukono pamoja na kisu katika ala, zunguka: mutu asikuwe ndani ya ile duara. Kata kwenda mbali na mwili wako. Na ukikaa chini, usikate kabisa katikati ya mapaja. Pale ndani ya paja kunapita mushipa mukubwa wa damu, na ukikatika, mutu anaweza kuisha kwa dakika chache, mbele muite hata mwalimu. Weka viwiko juu ya magoti, kazi ifanyike mbele ya magoti, ao geuka kando.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, kuni zote za inje zinalowana, na hapo kisu kinaonyesha faida yake. Chukua kipande kilichokufa lakini hakijaoza, kinene sawa kifundo cha mukono. Weka makali juu ya kichwa chake, piga mugongo wa kisu na kipande kingine cha muti, si jiwe wala nyundo. Kinapasuka, na ndani unakuta kukavu. Kisha chonga kile kikavu polepole bila kukatisha vipande, viviringike kama manyoya ya kuku yaliyobaki kwenye ngozi. Kiberiti kimoja kinatosha. Kazi hii inaomba kisu chenye mukia kamili, ndiyo maana nilianza na mukia. Kama shoka iko, pasua na shoka.

Usichimbe muhogo na kisu, udongo unaua makali mara moja. Usifungue kopo. Usikitupe kwenye miti kama watoto wa filme. Ncha inavunjika, na muti haukukosea kitu.

Ukimupa mwenzako kisu, mupe upande wa mupini, na usikiachilie mpaka aseme «nimeshika».

Mutu akikatika: kandamiza jeraha na kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kufungua kuangalia, na inua mukono juu. Damu ikisimama, osha na maji safi na sabuni. Tafazali tusiweke udongo, majivu, wala mafuta ya gari. Watu wanasema kutu ndiyo inaleta tetanosi. Hapana. Mududu wa tetanosi anaishi ndani ya udongo na mavi ya nyama, na anapenda jeraha lenye kina lisilopata hewa. Kisu kinachongaa lakini kimelala shambani kinaweza kumubeba. Ugonjwa unakuja kisha siku 3 mpaka 21, taya zinaanza kukaza, na wakati huo ni shida kubwa. Kwa hiyo nenda ku dispanseri siku ile ile, na sema chanjo yako ya mwisho ilikuwa mwaka gani. Kama jeraha ni chafu na imepita miaka 5, muganga atataka kukuongezea. Muulize mama nyumbani kama karte yako ya chanjo ingaliko.

Kazi ikiisha, osha kisu, kausha, pakaa mafuta kidogo ya mashini ya kushona. Usikiache ndani ya ala ya ngozi wiki nzima, ngozi inashika maji. Ala yenyewe unaweza kuitengeneza na plastiki ya bidoni, upande wa makali uongeze kipande cha pili katikati ya mushono kusudi kisu kisikate uzi.

Katika njia, kisu kikae chini kabisa ya sakoshi, pamoja na vyakula, si kiunoni. Kijana mwenye kisu kiunoni, watu wa barabara hawatauliza kama anaenda kukata kuni. Na hapa masomoni, hakuna kisu kwenye darasa wala chini ya kitanda, hata cha finalisti. Nimekwisha kuchukua viwili katika dortwari yetu wenyewe.

Magazini inafunguliwa kila siku ya posho mbele ya saa moja asubui. Leta kisu chako na karatasi ndogo ya jina lako imefungwa ku mupini. Mawe ya kunolea yako mawili, maji unaleta wewe. Tupa iko moja tu, usikawie nayo.