Kazi ya Mtaalamu wa Mimea: Mafunzo Kutoka Ruiru na Thika

Kijana anayemaliza shule akisema kwamba ataka kuwa daktari au mhandisi, wazazi wake hufurahi, kwa kuwa kazi hizo wanazijua. Akisema kwamba ataka kusoma elimu ya mimea, mara nyingi huulizwa kama karo ya miaka yote ililipwa ili akaangalie majani. Swali hilo si la kuchekwa, maana karo ni jasho la mzazi. Yafaa lijibiwe, na jibu lake laweza kuonekana kwa macho katika nchi iliyo kati ya Ruiru na Thika, upande wa kaskazini-mashariki wa Nairobi.

Thika hujulikana kwa viwanda vyake. Lakini mtu akitazama kile kinachoingia katika mashine nyingi za huko, ataona mananasi, buni, njugu za makadamia, pamba na mbegu za mafuta. Vyote hivyo vilianza kuwa miche shambani. Miche ikiugua, mashine hukosa kazi, na mwenye kuziendesha hukosa mshahara. Kwa hiyo kiwanda chategemea shamba, na shamba lamtegemea mtu anayejua jinsi mmea unavyoishi.

MTAALAMU WA MIMEA HUFANYA NINI?

Elimu ya mimea, ambayo huitwa pia botania, ina matawi mengi. Wako wanaotambua mimea na kuipa majina, ili watu wa nchi mbalimbali wakitaja mmea mmoja waelewane. Wako wanaochunguza jinsi mmea unavyokunywa maji, unavyotumia mwanga wa jua, na unavyochanua. Wengine huchunguza maradhi ya mimea, na wengine huzalisha aina mpya kwa kuchanganya mbegu. Wako pia wanaouliza wazee juu ya dawa na vyakula vya porini, wakaandika maarifa hayo kabla hayajapotea.

Bwana Shamba humfundisha mkulima njia iliyo bora ya kulima. Mtaalamu wa mimea humtangulia Bwana Shamba: hutafuta sababu ya jambo, akalijaribu mara nyingi, mpaka pawe na shauri la hakika la kumpa mkulima. Jambo hili laonekana wazi katika habari za kahawa.

UGONJWA ULIOTISHA WAKULIMA

Miti ya kahawa ya kwanza ya Kenya ilipandwa na wamisionari huko Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893. Baadaye zao hilo lilienea katika nchi ya milima, na udongo mwekundu wa Ruiru na Thika ukalikubali sana. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa maabara ya Scott, karibu na Nairobi, walichagua miti iliyo bora, wakaipa majina ya SL28 na SL34. Kahawa yake ilisifiwa kwa ladha, na ingali yasifiwa hata leo.

Lakini miti hiyo ilikuwa na adui. Mwaka 1922 ulionekana magharibi ya Kenya ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao wakulima wa Tanzania huuita chulebuni. Ugonjwa huu huletwa na kuvu, yaani kiumbe kidogo cha jamii ya ukungu. Tone la mvua huchukua mbegu zake kutoka tunda moja hadi jingine. Tunda bichi hupata doa jeusi lililobonyea, doa huenea, na tunda huoza na kuanguka, au hukauka likabaki limening'inia kama kaa la moto lililozimika. Kuvu hii hupenda baridi na unyevu, na hali hiyo ndiyo iliyoko katika milima inayofaa kwa kahawa.

Katika mwaka wa mvua nyingi, mkulima asiyepiga dawa aliweza kupoteza hata sehemu nne katika tano za mavuno yake. Na yule aliyepiga dawa hakuepuka hasara, kwa maana alipaswa kurudia mara nyingi katika msimu mmoja, na gharama hiyo iliweza kufika karibu theluthi ya gharama zote za shamba. Mwenye shamba kubwa alikuwa na pampu na watumishi. Mwenye miti mia tatu tu alinunua dawa kwa mkopo, na malipo ya kahawa yalipofika, mara nyingine fedha ziliishia katika deni.

KAZI YA MIAKA KUMI NA MINNE

Kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Ruiru katika miaka ya 1940. Mwaka 1971 wataalamu wa kituo hicho, miongoni mwao Mholanzi Herbert van der Vossen na, baadaye, Mkenya D. J. Walyaro, walishika kazi ya kutafuta mbuni utakaoushinda ugonjwa huo kwa nguvu zake wenyewe.

Kwanza walitafuta miti iliyo na kinga. Waliiona katika aina iitwayo Rume Sudan, ambayo asili yake ni uwanda wa Boma, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Waliiona tena katika K7, iliyochaguliwa Kenya, na katika mbuni wa kisiwa cha Timor uliotokana na kahawa ya arabika na ya robusta kuchanganyika zenyewe. Lakini kinga peke yake haitoshi. Mti wenye kinga waweza kuzaa kidogo, au kahawa yake ikawa haina ladha. Ilipasa nguvu za miti hiyo ziunganishwe na utamu wa SL28 na SL34.

Kuunganisha huko ni kazi ya mikono. Ua la kahawa ya arabika hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo mtaalamu hulifungua ua kabla halijachanua, huondoa sehemu za kiume kwa koleo ndogo, kisha hulifunika kwa mfuko ili nyuki na upepo visiharibu kazi. Halafu huleta chavua, yaani ule unga wa sehemu ya kiume ya ua, kutoka mti mwingine na kuipaka. Tunda huchukua muda wa miezi saba au zaidi kuiva, na mche unaotokana nalo hukaa miaka kabla ya kuzaa. Kama ingekuwa lazima kungoja kila mti uzae ndipo ujulikane kama una kinga, kazi ingechukua maisha ya mtu.

Hapo ndipo elimu ilipofupisha njia. Wataalamu wa Ruiru waligundua kwamba kinga ya tunda huonekana pia katika shina changa la mche wenye umri wa wiki chache. Waliinyunyizia miche hiyo maji yenye mbegu za kuvu, wakaiweka mahali penye baridi na unyevu, kisha wakaihesabu iliyokufa na iliyosimama. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1976, na kwa hiyo miche maelfu iliweza kupimwa katika nafasi ndogo.

Mwaka 1985 aina mpya ilitolewa kwa wakulima, ikaitwa Ruiru 11. Ina kinga ya chulebuni na ya kutu ya majani pia. Kwa kuwa miti yake ni mifupi, ekari moja huchukua miti 1,000 hivi, ambapo ya zamani ilichukua kama 540. Jina la mji mdogo wa Ruiru likajulikana kwa wanunuzi wa kahawa wa ng'ambo.

KAZI HAIISHI

Haifai kudhani kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa mema. Mbegu za Ruiru 11 hazina budi kutengenezwa kwa kuchavusha kwa mkono, kwa hiyo miche haikutosha kwa wote walioitaka. Wengine walilalamika kwamba ladha yake haikufikia ile ya SL28. Wataalamu hawakuziba masikio. Waliendelea kuchagua, na mwaka 2010 walitoa aina nyingine, Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu cha Mlima Kenya. Mti huu ni mrefu kama ya zamani, una kinga, na mbegu zake huzaa miti inayofanana nao, kwa hiyo hauhitaji kuchavushwa kwa mkono. Kituo cha Ruiru leo ni Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, KALRO.

Habari kama hizo ziko Thika pia. Maharagwe ambayo majina yake huanza kwa herufi GLP, kama vile GLP 2, ambayo wengi huijua kwa jina la rosekoko, ni matunda ya mradi wa mikunde uliofanyika katika kituo cha utafiti cha Thika. Mananasi ya mashamba makubwa hupewa dawa inayotoa hewa ya ethilini, ili yachanue wakati mmoja na kiwanda kipate mzigo wake kwa mpango. Makadamia, ambayo asili yake ni Australia, yaliletwa karibu na Thika katika miaka ya 1940. Na katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, huko Juja, miche ya migomba hukuzwa ndani ya chupa kutokana na kipande kidogo cha mmea mzima, ili mkulima apate mche usio na maradhi.

NJIA YA KUINGIA

Kijana anayetaka kazi hii hana budi kushika sana Biolojia na Kemia akiwa sekondari, wala asiikimbie Hisabati, maana kila jaribio la shambani huishia katika hesabu. Baada ya hapo huenda chuo kikuu kwa miaka minne. Zamani vijana wa Afrika Mashariki waliotaka shahada walikwenda Makerere, Kampala. Leo, kando ya barabara ya Thika peke yake, kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Kahawa na kile cha Juja, kilichoanza kuwa chuo cha kilimo mwaka 1981 na kupata cheo cha chuo kikuu mwaka 1994. Asiyefikia shahada aweza kusomea stashahada na kuwa fundi wa maabara au wa kitalu, na pasipo mafundi hao hakuna utafiti unaosonga mbele. Anayetaka kuongoza utafiti yampasa aongeze shahada ya pili, na mara nyingi ya tatu.

Kazi zenyewe ziko katika vituo vya utafiti, idara ya ukaguzi wa mimea, makampuni ya mbegu na maua, misitu, vyuo na shule. Nafasi si nyingi kama za ualimu, na wengi huanza kwa kazi ndogo. Kijana na mzazi wake yafaa walijue hilo mapema.

Wako Waafrika waliokwisha kuifanya njia hii iwe pana. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa mwaka 1976 kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na alitunga pia kamusi ya majina ya mimea kwa Kijaluo. Bibi Christine Kabuye, mzaliwa wa Uganda, aliongoza kwa miaka mingi hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, ambayo ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Kutokana na hazina kama hiyo uliandikwa mfululizo wa vitabu vinavyoeleza aina zaidi ya 12,000 za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi hiyo ilianza kutolewa mwaka 1952 ikamalizika 2012.

Kwa hiyo mtoto anayejua majina ya miti kwa lugha ya bibi yake, na anayejiuliza kwa nini mti mmoja umekauka na wa jirani yake umesimama, tayari ana mwanzo mzuri. Subira ndiyo sifa ya pili anayoihitaji, kwa maana mvumilivu hula mbivu, na katika kazi hii tunda laweza kuchukua miaka kumi na minne kuiva. Likiiva, huliwa na maelfu ya jamaa ambao hawatamjua kamwe aliyelipanda. Mzazi anayeuliza faida ya kuangalia majani na aende Ruiru, amtazame mkulima mwenye miti mia tatu ambaye mwaka huu hakununua dawa ya chulebuni kwa mkopo.