Mto wangu ulipanda mlima, baba akachukua kalamu nyekundu

NINA umri wa miaka 38 na bado nachora ramani za nchi zisizokuwapo. Mke wangu amezoea. Wageni ndio hushangaa wanapokuta mezani daftari kubwa lenye falme, mito na miji ambayo hakuna mwalimu wa jiografia aliyewahi kuifundisha.

Ugonjwa huu niliupata mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, ndani ya kibanda cha gemu za video. Wenzangu walipanga foleni kucheza mpira. Mimi nilitaka Final Fantasy X, gemu ya Kijapani iliyotoka mwaka 2001. Kwa kuwa tulilipa kwa saa, waliniona mpumbavu: unatembea, unaongea na wanakijiji, unatembea tena, na kama huna memori kadi kesho unaanza upya. Mwenye kibanda alinionea huruma, akawa ananiwekea kadi moja kwenye kopo la majani ya chai.

Kilichoniteka si mapigano. Nchi ya Spira inasumbuliwa na dude liitwalo Sin, na msichana Yuna anasafiri kutafuta nguvu ya kuliua. Kila anayempokea njiani anajua jambo ambalo mchezaji hajaambiwa: anayeliua hufa, na baada ya muda dude hurudi. Dini yao, katazo lao la mashine, hata ukarimu wa wenyeji, vyote vimejengwa juu ya kifo hicho. Nilipogundua nilikaa kimya, hadi mwenye kibanda akadhani saa yangu imekwisha.

Nikaanza kujenga nchi yangu mwenyewe. Niliipa mfalme, majini na shujaa anayeruka. Gharama zote zilitoka kwenye pesa yangu ya chakula cha mchana, na haikupita muda baba akajua.

Baba alikuwa mpima ardhi. Hakunichapa. Alilichukua daftari na kukaa nalo wiki nzima, nikaamini limekwisha kuwashiwa jiko. Jumapili akalirudisha limejaa wino mwekundu. Mto wangu mkubwa ulikuwa unapanda mlima. Mji mkuu wenye watu laki moja haukuwa na kisima. Ramani haikuwa na kipimo, kwa hiyo haikujulikana kama shujaa wangu ameruka kilomita mbili au mia mbili. Na kijiji nilichokipenda kuliko vyote, kile nilichokibandika ubavuni mwa mlima ili kipendeze, alikizungushia duara na kuandika: "Hawa watafukiwa."

Niliudhika. "Lakini baba, hii ni hadithi tu."

"Hata katika hadithi, mwanangu, maji huteremka."

Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, udongo wa Mlima Elgon uliporomoka wilayani Bududa, si mbali na kwetu, ukafukia vijiji. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Baba aliitazama picha gazetini kwa muda mrefu, akalikunja. Hakulitaja daftari, nami sikulitaja.

Baadaye nilijaribu kumwandika shujaa wangu akiuzuia mlima kwa mikono miwili. Nilichana kurasa zile zote. Nikaamua kukihamisha kijiji, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu watu wangu hawakutaka kuhama. Mashamba yao yalikuwa pale, na makaburi pia. Sikulibuni hilo. Baadhi ya manusura wa Bududa walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima, na wako waliorudi. Sura hiyo ndiyo bora katika yote niliyoandika, na haina mtu anayeruka.

Mashujaa bado nawapenda, msinielewe vibaya. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018 niliitazama mara tatu, na ndiyo, nilijivuna kwamba baadhi ya picha zake za angani zilipigwa Uganda. Wakanda ilibuniwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, mwaka 1966. Inasimama kwa sababu kila kitu kinatokana na jambo moja: jiwe lilianguka kutoka angani likiwa na madini ya ajabu. Madini yakaleta utajiri, utajiri ukaleta kujificha, na kujificha kukaleta swali ambalo mfalme T'Challa hawezi kulikwepa: majirani walipokuwa wakiteseka, ninyi mlikuwa wapi? Ningependa tu kuwaona zaidi wakulima wake. Mwaka 2016 vijana wa Kameruni walikuwa wametoa gemu yao, Aurion, yenye mwanamfalme anayepinduliwa na shemeji yake. Sihitaji kuwaeleza Waafrika kwa nini hiyo inaaminika.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Daftari lipo.

Wiki jana mpwa wangu wa miaka 12 aliniletea ramani yake ya kwanza. Ina kisiwa, ngome tatu, shujaa wa radi, na mto unaopanda mlima. Nilimuuliza kwa nini.

"Mjomba, kuna mashine inayousukuma."

Nikamuuliza mashine hiyo inatumia mafuta gani, na nani anayalipia. Amekwenda kufikiri.