Moyo Hausikii "Nimepunguza"

Mjini Kakamega, kama ilivyo kwenye miji mingi ya Kenya, si ajabu kukuta kibandani pakiti ya sigara imefunguliwa juu ya kaunta, na kando yake kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba. Mteja anatoa sarafu, anachukua moja, anaiwasha papo hapo na kwenda zake. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, lakini biashara ya moja moja haijakoma, na imetufundisha hesabu mbaya. Mgonjwa wa moyo akiulizwa kliniki kama bado anavuta, hujibu: "Daktari, nimepunguza. Siku hizi ni mbili tu." Anasema kweli, na jitihada aliyofanya kufika hapo si ndogo. Lakini moyo wake haujapata nafuu anayoidhania.

Tumezoea kuiona hatari ya sigara kama deni la dukani: ukilipa robo tatu, imebaki robo. Kwa kansa ya mapafu hesabu hiyo ina ukweli fulani, maana wingi wa sigara na miaka ya kuvuta hupandisha hatari. Moyo haufuati mwendo huo. Mwaka 2018 Allan Hackshaw na wenzake wa London walikusanya matokeo ya tafiti 141, wakakuta kwamba mwanamume anayevuta sigara moja tu kwa siku amekwisha kubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Sababu imo ndani ya damu. Pumzi chache za moshi zinatosha kubana mishipa, kuharakisha mapigo, na kuzifanya chembe sahani, zile zinazogandisha damu tunapojikata, zishikane upesi. Gesi ya kaboni monoksidi nayo hukalia kwenye chembe nyekundu nafasi ya oksijeni. Kwa mtu ambaye mshipa wake umekwisha kuwa mwembamba, donge moja dogo la damu linatosha kuuziba. Tena aliyepunguza mara nyingi huivuta ile moja kwa nguvu zaidi, mpaka kwenye kichungi, ili apate nikotini aliyoizoea.

Wapo watakaosema kila kijiji kina mzee aliyevuta kiko hadi miaka tisini. Yupo, na tunamwona kwa sababu yu hai. Wenzake wa rika lake waliokwenda mapema hatuwezi kuwauliza. Hofu nyingine ni nzito zaidi, na inastahili jibu la heshima: kwamba kuacha ghafla kutaushtua moyo uliokwisha kudhoofika. Kuacha kunaleta hasira, njaa na usingizi wa mang'amung'amu, na siku za kwanza ni ngumu kweli. Moyo wenyewe hupumzika: mapigo hushuka, na katika siku moja au mbili ile kaboni monoksidi huwa imetoka. Uchambuzi wa tafiti 20 uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wagonjwa wa mishipa ya moyo walioacha walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 36 kuliko walioendelea. Ni vigumu kutaja kidonge cha moyo kinachoipita faida hiyo.

Je, kupunguza hakuna kazi? Kunayo, kukiwa ni safari yenye siku ya mwisho. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016, uliohusisha watu karibu 700, uliwapa wote siku ya kuacha. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha kwa mkupuo walikuwa hawajarudia, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza kwanza. Anayeshindwa na kiu anaweza kumwomba daktari bandiko au chingamu ya nikotini, dawa ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Si kila duka la dawa linazo, na bei yake inauma. Nikotini ya bandiko hupita polepole kwenye ngozi, bila moshi na bila kaboni monoksidi, kwa hiyo hata kwa mgonjwa wa moyo aliye imara ni salama kuliko zile sigara mbili tu. Kwenye kliniki zetu swali la "unavuta ngapi?" lingefaa kufuatwa na lingine: "ya mwisho ni lini?" Na tarehe hiyo iandikwe kwenye kitabu cha mgonjwa, palepale chini ya tarehe ya kurudi kuchukua dawa za presha.