Utambuzi wa hitilafu za stata

Stata ni mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake na kuendelea kufanya kazi yenyewe. Hutumika kwenye magari, matrekta, pikipiki na mashine za kukata nyasi ambazo mwendeshaji hukaa juu yake. Injini inapokataa kuwaka, stata hulaumiwa kwanza, lakini mara nyingi kosa liko kwenye betri, nyaya au swichi. Kwa hiyo kutambua hitilafu ni kutafuta mahali umeme unapokwama kabla ya kufungua au kununua chochote.

Katika kata ya Oldonyo Sambu, kwenye barabara kuu ya Arusha–Namanga, kaskazini-magharibi mwa Mlima Meru, suala hili linagusa hasa matrekta na magari. Mashine za nyasi za aina hiyo hupatikana zaidi kwenye bustani kubwa na viwanja vya gofu, lakini mfumo wake wa kuwasha ni uleule kwa kiasi kikubwa. Trekta lisilowaka wakati wa kulima kabla ya mvua za masika humchelewesha mkulima kupanda. Ndiyo maana ni kawaida kuona trekta au gari limeegeshwa kwenye mteremko ili asubuhi liwashwe kwa kuserereka. Njia hiyo huficha ugonjwa bila kuuponya, na ni ya hatari kama breki si nzima.

Historia

Injini za kwanza za magari ziliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono kwa kutumia hendeli. Injini ilipopiga kinyume, hendeli iliweza kumvunja mtu mkono. Mhandisi Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme iliyofaa kwa magari mwaka 1911, na kampuni ya Cadillac ikaanza kuiweka kwenye magari yake ya mwaka 1912.

Jinsi inavyofanya kazi

Ufunguo unapogeuzwa, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi, ambayo ni swichi inayoendeshwa kwa sumaku-umeme. Solenoidi huunganisha njia ya umeme mkubwa kutoka betri hadi stata. Gia ndogo ya stata hushika meno ya flaiwili na kuizungusha injini. Injini ikiwaka, gia hiyo hurudi nyuma.

Kwenye magari na matrekta mengi, solenoidi imefungwa juu ya stata yenyewe nayo ndiyo inayosukuma gia. Kwenye mashine nyingi za nyasi, solenoidi iko mbali na stata, karibu na betri, na gia husogea kwa nguvu ya mzunguko wa mota.

Stata hutumia mkondo mkubwa, hivyo upinzani mdogo tu huleta hasara kubwa. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo wa ampea 200 ukipita kwenye kiungo chenye kutu cha ohm 0.01, volti 2 hupotea hapo. Kwenye mfumo wa volti 12, hasara hiyo inatosha kuizuia injini kuwaka.

Dalili na maana zake

* Kimya kabisa: betri imekufa, fyuzi imeungua, waya umekatika, au swichi ya usalama haijafungika.
* Mlio wa haraka wa tik-tik-tik: kwa kawaida betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea.
* Mlio mmoja wa "tik" bila kuzunguka: migusano ya solenoidi imeungua, brashi za stata zimekwisha, au injini yenyewe imekwama.
* Stata inazunguka kwa kasi lakini injini haizunguki: gia ndogo haishiki, au meno ya flaiwili yamelika.
* Injini inazunguka polepole: betri imechoka, nyaya zina kutu, au mafuta ya injini ni mazito kwa baridi, kama ilivyo asubuhi za Juni na Julai kwenye miinuko ya Meru.
* Stata haiachi kuzunguka ufunguo ukiachiliwa: migusano ya solenoidi imegandana. Betri itenganishwe mara moja.

Hatua za upimaji

Kabla ya kupima, gia iwe huru, breki ya maegesho ifungwe na watu wasogee mbali.

1. Betri hupimwa kwa multimita ikiwa imepumzika. Betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4, ichajiwe kwanza.
2. Vichwa vya betri na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi husafishwa na kukazwa.
3. Betri hupimwa tena stata ikiwa inazungushwa. Katika joto la kawaida, ikishuka chini ya takribani volti 9.6, betri ni mbovu au stata inavuta mkondo kupita kiasi.
4. Waya mwembamba wa solenoidi hupimwa ufunguo ukiwa umegeuzwa. Kama hakuna umeme, kosa liko kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi au swichi za usalama. Kwenye trekta, swichi hiyo huhusiana na gia au klachi. Kwenye mashine ya nyasi, na kiti, pedali ya breki na visu.
5. Kama umeme unafika kwenye solenoidi lakini hautoki upande wa stata, solenoidi ndiyo mbovu.
6. Kama volti kamili zinafika kwenye stata, ethi ni nzima na bado haizunguki, injini hujaribiwa kuzungushwa kwa mkono, betri ikiwa imetenganishwa. Ikizunguka, stata ifunguliwe.

Usalama

Baadhi ya watu huunganisha nguzo mbili za stata kwa bisibisi wakiwa wamesimama chini, kando ya gurudumu. Njia hii hupita swichi za usalama. Trekta likiwa kwenye gia linaweza kuwaka na kuondoka papo hapo, na gurudumu la nyuma kumkanyaga aliyeliwasha. Kwa sababu hiyo, trekta liwashwe kutoka kwenye kiti tu, na swichi ya usalama iliyoharibika ibadilishwe, isiunganishwe moja kwa moja. Cheche pia zinaweza kulipua gesi ya hidrojeni inayotoka kwenye betri inayochajiwa.

Matengenezo

Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishwe ili ipoe kabla ya kujaribu tena. Hitilafu ndogo, kama brashi zilizokwisha au migusano iliyoungua, mara nyingi hutengenezeka kwa fundi umeme wa magari bila kubadilisha stata nzima. Vumbi na matope visafishwe, kwani huzuia gia kusogea na huharakisha kulika kwa brashi.