Shahada ya Sayansi ya Chakula: Ada, Mkopo na Ajira (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala hii ilieleza anachofundishwa mwanafunzi wa sayansi na teknolojia ya chakula: kemia, mikrobiolojia, uhandisi wa usindikaji, ufungashaji na sheria za viwango. Baada ya maelezo hayo, mzazi mwenye kijana aliyemaliza kidato cha sita hubaki na maswali mawili, na ana haki ya kuyauliza. Itamgharimu kiasi gani, na mtoto ataajiriwa wapi?

Swali la kwanza lina majibu yanayohesabika. Nchini Tanzania shahada hii hutolewa katika vyuo vya umma kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ada ya shahada za sayansi katika vyuo vya umma kwa kawaida huwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.6 kwa mwaka. Wazazi wengi huishia hapo, wakadhani wamemaliza hesabu. Lakini ada ni sehemu ndogo tu ya gharama. Kuna chumba, chakula, nauli za kwenda na kurudi nyumbani, kompyuta, koti la maabara, na zile wiki za mafunzo kwa vitendo ambazo wanafunzi huziita fildi. Kijana wa Kigoma akipangiwa kiwanda cha Dar es Salaam, lazima apate pa kulala na nauli ya daladala kila asubuhi, na viwanda vingi havimlipi mwanafunzi chochote.

Kwa familia nyingi, jibu ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wote wanaijua kwa jina la bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ukiongeza ada na vitabu, mkopo wa mwanafunzi aliyepewa asilimia mia unaweza kufika milioni 12 au zaidi anapohitimu. Sheria ya Bodi hiyo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiriwa arejeshe asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni lizidi kukua, ilifutwa mwaka 2021, na huo ulikuwa uamuzi wa maana sana kwa wahitimu wa mishahara ya kati.

Tuchukue mfano wa mhitimu anayeanza kazi kiwandani kwa mshahara wa shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mapato inachukua 60,000. Bodi ya Mikopo inachukua 120,000. Mkononi zinabaki 540,000, na kama deni ni milioni 12 makato hayo yataendelea kwa miezi kama 100, yaani zaidi ya miaka minane. Hesabu hii haikusudii kumtisha mtu. Inafaa ifanywe mezani pamoja na kijana kabla hajajaza fomu, kwa sababu wengi huanza kuijua siku wanapopokea hati yao ya kwanza ya mshahara.

Swali la pili ni gumu zaidi, na kulijibu kunahitaji kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hofu kwamba samaki walikuwa na sumu za kuulia wadudu. Kabla ya hapo palikuwa pametokea vikwazo vingine vilivyohusu salmonela na kipindupindu. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyokuwa vikitegemea soko la Ulaya vilikosa pa kuuza, na wavuvi na wachuuzi wakaumia pamoja navyo. Soko lilifunguliwa tena baada ya nchi hizo kuonyesha kwamba zina wakaguzi, maabara na kumbukumbu za kuaminika. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyopo Nyegezi, Mwanza, hufanya kazi hiyo ya upimaji: bila cheti cha maabara, minofu haipandi ndege.

Somo la samaki, kwamba soko hutegemea vipimo vya kuaminika, limejirudia kwenye nafaka. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliwapata wakazi wa mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wakafariki. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na Machi 2021 Kenya ikazuia kwa siku chache mahindi yote ya Tanzania na Uganda. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika bilioni. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa ulimi, kwa hiyo kila kinu kikubwa cha unga kinamhitaji mtu anayejua kuchukua sampuli, kupima, kusoma majibu na kuwa na ujasiri wa kulirudisha lori.

Ujasiri huo si maneno tu. Pale mlangoni mwa kiwanda cha maziwa, asubuhi na mapema, madumu hupangwa mstari mmoja. Mteknolojia huchota maziwa kidogo, akayachanganya na kiasi sawa cha spiriti ndani ya kichupa cha kioo na kukitikisa. Yakiganda vipande vipande, maziwa yameanza kuchacha na hayatahimili moto wa mashine. Kisha hutumbukiza laktomita kuangalia kama yametiwa maji. Dumu likikataliwa, aliyeleta hupoteza jasho la siku nzima, na mara nyingi ni mama mwenye ng'ombe wawili. Likikubaliwa kimakosa, linaweza kuharibu tangi zima. Kijana wa miaka 24 anatakiwa kuamua ndani ya dakika chache, huku dereva akimhimiza na msimamizi akiangalia saa. Hakuna mtihani wa chuo unaofanana na huo, na ndiyo maana waajiri humuuliza mhitimu alifanyia wapi fildi kabla ya kumuuliza alipata alama ngapi.

Basi kazi zipo, ila hazipo pale wengi wanapozitazamia. Serikalini nafasi ni chache. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), huajiri maofisa ubora na wakaguzi, lakini kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira hugombewa na waombaji wengi mno kuliko nafasi. Sehemu kubwa ya ajira iko katika viwanda binafsi vya unga, maziwa, vinywaji, mafuta ya kula, samaki na biskuti. Mhitimu huanzia zamu ya usiku katika maabara ya udhibiti ubora, mara nyingi kwa mkataba wa muda mfupi. Anayepanda haraka ni yule aliyejiongezea mafunzo ya HACCP na ISO 22000, mifumo ya usalama wa chakula inayodaiwa na wanunuzi wa nje na maduka makubwa. Mafunzo hayo hulipiwa pembeni, hivyo mzazi ayaweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Lipo pia kundi ambalo halizungumzwi vya kutosha: wasindikaji wadogo. Mama anayetengeneza achari na pilipili ya chupa, kikundi kinachosaga unga wa lishe, kijana mwenye mashine ya siagi ya karanga. Hao wakipewa barua ya utambulisho na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) huweza kuhudumiwa na TBS bila malipo kwa kipindi cha mwanzo, lakini bado wanahitaji mtu wa kuwaeleza kwa nini pilipili yao iwe chachu kiasi cha pH kuwa chini ya 4.6 ili vijidudu vya sumu ya botulizimu visiote, au kwa nini chupa zinavimba baada ya mwezi mmoja. Peke yake hakuna anayemudu mshahara wa mteknolojia. Wakiwa kumi wanamudu. Wahitimu wanaozunguka kwa wasindikaji kadhaa kama washauri wameanza kuonekana, na kazi yao ni ya thamani kubwa kwa nchi inayouza sehemu kubwa ya korosho zake zikiwa ghafi.

Kuna kosa moja linalowagharimu vijana wengi. Huichagua shahada hii kama faraja baada ya kukosa udaktari au ufamasia, kwa kuwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) inakubalika kote. Wanamaliza mwaka wa kwanza wakiwa bado wanaomboleza, fildi wanaifanya popote palipo karibu na nyumbani, na wanahitimu bila kumjua hata meneja mmoja wa kiwanda. Deni la Bodi kwao ni lile lile.

Kwa hiyo ushauri wa makala hii ni huu. Mwenye nafasi katika chuo cha umma, mkopo wa kutosha na mapenzi ya kweli na kemia, aende bila wasiwasi, na fildi yake aanze kuitafuta tangu mwaka wa kwanza. Familia inayotaka kuuza shamba ili kulipia chuo binafsi, isiuze. Kijana aanze na stashahada, ambayo tangu mwaka wa masomo 2023/24 nayo imeingizwa kwenye mikopo kwa fani za kipaumbele, apate kazi, kisha aombe shahada akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi. Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu, tutaangalia stashahada hizo: zinatolewa wapi, zinachukua muda gani, na mwombaji anatakiwa awe na ufaulu gani.