Sili ndogo huokoa giaboksi ya boti

MASIKA yakikolea na maji ya Mto Kilombero kutanda bondeni, mwenye boti wa Mofu, mkoani Morogoro, huitegemea injini yake ya kupachika kufuata nyavu, kuvusha watu na kuwahisha kambale na perege kwa wachuuzi. Injini ikigoma wakati huo, kipato nacho husimama.

Kwa injini kuukuu, hasa Johnson na Evinrude za miaka ya 1970 na 1980, hasara kubwa huweza kuanzia chini, kwenye giaboksi inayozungusha propela. Kupata gia mpya si rahisi. Kampuni ya OMC ya Marekani iliyozitengeneza ilifilisika mwaka 2000, na mwaka 2020 BRP ya Kanada ikaacha kutengeneza Evinrude.

Adui mkubwa ni uzi wa nyavu. Ukijiviringisha kwenye shafti nyuma ya propela, hukata sili, yaani mpira unaozuia maji kuingia na mafuta kutoka. Maji yakishaingia, beringi hupata kutu na meno ya gia husagika.

Kuligundua tatizo hili mapema hakuhitaji vifaa vingi. Iache injini wima usiku kucha, kisha asubuhi fungua skrubu ya mafuta iliyo chini. Yakitangulia maji, au mafuta yakiwa meupe kama maziwa, sili imevuja. Unga laini wa chuma si wa kutisha, lakini vipande ni dalili kuwa gia zinavunjika.

Uangalifu unatakiwa hapo. Johnson na Evinrude nyingi zina skrubu nyingine ya msalaba karibu na ile ya mafuta. Hiyo hushikilia mtambo wa kubadilishia gia, na ikifunguliwa kimakosa, giaboksi nzima hulazimika kufumuliwa.

Ili kujua panapovuja, mwaga mafuta, funga neli kwenye tundu lake, zamisha giaboksi kwenye maji na ujaze upepo taratibu kwa pampu ya baiskeli, usizidi pauni 15. Mapovu yataonyesha sili iliyochoka.

Sili nyingi huandikwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Ukivipata, sili inayolingana huweza kupatikana kwenye duka la beringi, bila kutafuta spea yenye jina la injini.

Wakati wa kufunga, weka washa mpya za skrubu. Jaza mafuta ya gia kupitia tundu la chini hadi yatokeze juu, kaza skrubu ya juu kwanza, kisha ya chini. Grisi ya magurudumu si mbadala wake.

Mafuta machafu yasimwagwe mtoni. Bonde la Kilombero ni eneo la Ramsar tangu mwaka 2002, na samaki wanaomlipa fundi wanatoka humo humo.

Wakati mzuri wa ukaguzi huu ni kiangazi, boti ikiwa juu. Kungoja hadi giaboksi ilie katikati ya mafuriko ni kununua gia kwa bei ya sili iliyopuuzwa.